Ala Kumi na Moja za Einar

Marit Rostad aliinama kuchungulia mkate ndani ya oveni, na mtutu wa rivolva ukamchoma pajani. Alipoinuka, kitako cha rivolva hiyohiyo kikamkita mbavuni. Akaitukana kwa Kinorwe, lugha aliyoachiwa na bibi yake kwa kazi hiyo tu, kisha akaichomoa ala, mfuko wa kuibebea kiunoni, kwenye mkanda na kuitupa juu ya meza, ikateleza hadi kwenye sahani ya siagi.

"Hiyo ni ya ngapi?" aliuliza Dagny, dada yake mkubwa, bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa yake.

"Ya tisa."

"Zimebaki mbili. Ukizimaliza utafanyaje, utaifunga kichwani kama kilemba?"

Marit hakucheka. Alikwenda dirishani, akarudi, akalishika sanduku, akaliacha. Lilikuwa sanduku la marehemu mumewe, Einar, na ndani yake zilikuwamo ala kumi na moja za bastola: za ngozi, za turubai, za plastiki, za kulia na za kushoto. Katika nchi ile chini ya milima ya Montana hakuna nyumba isiyo na sanduku kama hilo. Mwanamume hununua ala, humbana, hununua nyingine, na ile ya kwanza haitupi, kwa sababu ametoa pesa na hataki mkewe ajue kwamba alikosea.

"Chukua kopo la pilipili kama watu wengine," alisema Dagny. "Unampulizia dubu machoni, unakwenda zako."

"Kwa upepo huu? Nitajipulizia mwenyewe, dubu anile nikiwa nimeshakolezwa."

"Basi ivae kifuani. Mume wa Gerda anavaa kifuani."

"Mume wa Gerda anabeba kalamu, Dagny! Mimi nabeba makasha ya asali, na kasha linabebwa kwa kukumbatiwa. Hapa kifuani pa kuweka bastola pako wapi?"

Dagny akajiongezea kahawa. Alijua kwamba mdogo wake hakuwa na ugomvi na ala wala na upepo. Septemba iliyopita, saa tisa mchana, dubu jike mwenye watoto wawili alitoka kwenye vichaka vya mierebi ya kijitoni akamkuta Einar peke yake kati ya mizinga ya nyuki. Rivolva yake, ile kubwa yenye mtutu wa karibu shubiri nzima, ilikutwa juu ya kiti cha pikapu, imelala ndani ya ala. Aliivua kwa sababu ilikuwa inamwumiza nyonga. Kutoka pale alipoanguka hadi kwenye pikapu zilikuwa hatua ishirini na mbili. Marit alizihesabu mwenyewe, mara tatu, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale chini. Aliapa kwamba atakaporudi, silaha itakuwa mwilini mwake, na itakaa mwilini mpaka amalize kazi.

Lakini nyuki hawajui matanga. Ilikuwa wiki ya pili ya Juni, maua yamejaa bondeni, na mizinga kumi na miwili ya kijitoni ilikuwa imefurika. Nyuki wakibanwa hulea malkia mpya, na nusu yao huondoka na malkia wa zamani wasirudi. Jana yake Marit alisimama kilimani na darubini akaona nyuki wananing'inia midomoni mwa mizinga. Walikuwa nyuki wa Einar, wa miaka thelathini na minne, na kama asingeshuka kabla ya Jumapili wangekwenda zao. Ndiyo maana hakuweza kukaa kitini, wala kulala, wala kula mkate aliouoka mwenyewe.

"Nenda kwa Leland Pruitt," alisema Dagny mwishowe. "Anashona matandiko ya farasi miaka yote. Atajua."

"Einar alisema ala za Leland zinabana."

"Einar alisema hivyo kuhusu viatu, kuhusu kanisa, na kuhusu mimi. Nenda!"

Alikwenda. Leland Pruitt alikuwa mzee mrefu mwenye vidole vyeusi kwa nta, na kama watu wengi wanaofanya kazi peke yao, alisema kila lililomjia. Marit alimwaga sanduku zima juu ya meza ya kukatia ngozi.

"Mama wee!" alisema Leland. "Umefungua makumbusho?"

"Nataka moja isiyoniumiza. Moja tu."

"Wote wanataka hiyo. Vaa basi tuone."

Marit akavaa ala ya kumi, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

"Unafanyia kazi hivyo, umesimama kama mlingoti?" aliuliza mzee. "Inama. Nyanyua tandiko lile, likumbatie. Sasa kaa kwenye kiti kama unaendesha gari."

Aliinama, akanyanyua, akakaa. Kila mara rivolva ililala upande, ikaning'inia, ikamsukuma ubavuni kama mlevi anayetafuta pa kuegemea. Leland akachuchumaa karibu. Hakuitazama ala. Aliingiza kidole chini ya mkanda wa Marit akauvuta, nao ukajikunja.

"Aa," alisema. "Shida ndiyo hii. Ala zako hazina kosa. Huu mkanda ni utepe wa zawadi, si mkanda. Unautundikia chuma cha kilo moja na nusu, utakibeba wapi? Unapinduka, chuma kinaanguka nje, kitako kinaingia mbavuni. Hata nikikushonea ala ya hariri itakuumiza vilevile."

Akapekua lile rundo, akachomoa ala moja nyeusi, ya kawaida kabisa, isiyo na nakshi.

"Na hii ni kazi ya mkono wangu! Nilimshonea mumeo, miaka minane sasa. Nikamwambia, Einar, chukua na mkanda, ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, bila huo ala hii haina maana. Akanicheka. Akasema mkanda alionao hautoki kiunoni, ataoa upya kabla ya kuuvua. Kisha akaenda kunitangaza mji mzima kwamba ala zangu zinabana! Asiyesikia la..."

Hapo akamwona Marit uso.

Mkanda ule aliouvaa ulikuwa wa Einar, laini, umesukwa, na bizimu yake ilikuwa nyuki wa shaba. Hospitali walimpa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na saa na pete. Marit aliutoboa matundu mapya kwa msumari ili umkae, na amekuwa akiuvaa tangu Septemba.

"Ni mimi niliyempa," alisema. "Siku ya kutimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa."

Leland akaokota kipande cha nta, akakiweka chini tena.

"Ala nazo zilikuwa mbovu," alisema taratibu. "Hii hasa. Niliishona vibaya."

"Usinidanganye, Leland."

"Sawa."

"Nikatie mkanda."

Alimkatia saa ileile, ngozi mbili ngumu zilizoshonwa kingo zote, na wakati anashona Marit alizunguka duka lile mara zisizo na idadi, akigusa hatamu na kuziacha. Leland aliivika ile ala nyeusi juu kidogo, upande wa kushoto, kitako kikielekea mkono wa kulia. Marit akainama. Akanyanyua tandiko. Akakaa. Kisha akamlipa mzee, akaondoka.

Kesho yake asubuhi alishuka kijitoni. Aliufunga mkanda mpya juu ya vazi lake jeupe la nyuki, akawasha bomba la moshi, na kwa nusu saa nzima macho yake yalikuwa zaidi kwenye mierebi kuliko kwenye masega. Mzinga wa tatu ulikuwa umeshahama nusu. Hiyo ilimwudhi, na hasira ikamsaidia, kwa maana alianza kufanya kazi kweli: akakata vijumba vya malkia wapya, akakumbatia makasha na kuyashusha, akaongeza makasha matupu juu, akawazomea nyuki kama alivyozoea kumzomea Einar. Jua likapanda. Akafika mzinga wa saba.

Hapo matawi yakatikisika kijitoni. Rivolva! Hakuihisi popote. Si pajani, si mbavuni, si nyongani. Ameivua, ameiacha kitini kama yeye! Akaangusha kila kitu akakimbia kuelekea kwenye pikapu, akaufungua mlango kwa nguvu, na juu ya kiti palikuwa na mkanda wa kusukwa wenye nyuki wa shaba, na hakuna kingine.

Mkono wake ukashuka wenyewe. Rivolva ilikuwa pale kushoto, imetulia, imelala mwilini mwake tangu alfajiri bila kumsumbua. Kijitoni swala mdogo alitoka kwenye mierebi akaenda zake.

Marit akakaa kwenye kizingiti cha pikapu akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini, kwa sababu haikumwumiza hata kidogo. Kumbe iliwezekana. Miaka minane iliwezekana.

"Ungeniambia tu, Einar," alisema. "Ungesema huu mkanda mbaya. Ningenuna siku mbili, basi."

Akajifuta kwa mkono wa vazi, akauchukua mkanda wa kusukwa, akarudi hatua zile ishirini na mbili. Upepo ulikuwa umeanza kuinua mifuniko. Akaurudishia mzinga wa saba mfuniko, akauzungushia mkanda ule, akaukaza kwa bizimu, kisha akafungua wa nane.