Githeri ya Kapteni Theuri

Kisasi ni kama githeri ya mahindi na maharagwe makavu: ukikiepua mapema, utavunja meno. Ngatia alikiinjika chake Februari ya mwaka 1973, na Februari iliyofuata kilikuwa bado kinatokota, naye hajabanduka kando ya sufuria.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Katika shule yao ya bweni, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kulikuwa na Chama cha Wapanda Mlima. Kila Februari, kabla ya mvua ndefu, chama kilipeleka wavulana kumi na wawili Mlima Kenya, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kumi na wawili tu, kama mitume, kwa kuwa lori la shule halikukubali zaidi. Mwaka ule nafasi kumi na moja zilichukuliwa na kidato cha nne, na ile ya mwisho iligombaniwa na wavulana wawili wa Mweiga: Ngatia wa kidato cha pili na Theuri wa kidato cha tatu. Jina lililobandikwa ubaoni asubuhi lilikuwa la Ngatia. Saa ya chai Theuri alimwendea mwalimu, akakunja uso kama mtu aliyefiwa, akasema kwamba kijana yule ana ugonjwa wa kifua, hupumua kama mvukuto wa mhunzi, na itakuwa aibu akifia mlimani akiwa na sare ya shule. Kufikia jioni jina lilikuwa limebadilishwa.

Kifua cha Ngatia kilikuwa kizima kama ngoma mpya.

Hilo pengine angelisamehe. Lililomshinda kusamehe ni habari ya nyanya yake, Cucu Wachuka. Cucu alikuwa ameuona mlima ule kila asubuhi isiyo na mawingu tangu azaliwe, na hajawahi kuugusa hata kwa kidole. Alikuwa amewatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba mjukuu wake angemletea chupa ya maji kutoka kijito cha juu ya msitu, maji yanayotoka moja kwa moja kwenye theluji. Ngatia aliporudi likizo mikono mitupu, chupa ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kufika Mweiga, ila katika nyumba nyingine: kwa Cucu Magdaline, nyanya wa Theuri. Magdaline aliiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma, na kila mkutano wa akina mama ulipofanyika kwake aliifunua taratibu, kama mtu anayemvua askofu kofia. Kisha humgeukia Wachuka.

"Na wako, dada, kifua kinaendeleaje?"

Cucu Wachuka hakumlaumu mjukuu wake. Alimwambia neno moja tu. "Bwana yangu," alisema, kwa maana Ngatia alirithi jina la marehemu mumewe na hakuwahi kuitwa vingine nyumbani kwake, "niletee maji yangu." Ngatia aliona ni afadhali angechapwa.

Basi Februari ya 1974 ikafika. Mwalimu wa chama alikuwa mpya, Bwana Nderitu wa jiografia, mzaliwa wa Nairobi. Wale wa kidato cha nne walikuwa wamekwisha kwenda zao, na majina ya Ngatia na Theuri yote yalikuwa ubaoni. Theuri sasa alikuwa kapteni wa bwalo, mwenye amri juu ya kila kijiko. Ngatia alikuwa katibu wa chama kwa sababu ya mwandiko mzuri, na hakuna silaha duniani inayomzidi katibu anayeandika ratiba.

Walikutana Jumatano katika darasa la jiografia kupanga safari.

"Mkate na mayai ya kuchemsha," alisema Mwalimu Nderitu. "Tumalize hilo la chakula."

Ngatia aliinua mkono kwa unyenyekevu wa mtumishi wa madhabahu. "Ni sawa, mwalimu. Lakini ni huruma. Tuko na Kapteni Theuri hapa, na watu wanasema githeri yake haina mwenzake kutoka Mweiga mpaka Sagana."

"Nani wanasema?" Theuri aliuliza, kidevu kikianza kupanda mlima kabla ya wengine.

"Watu."

"Si uongo," alisema Theuri. "Mkate ni chakula ya wagonjwa. Ati watu wapande Kirinyaga na mkate! Nipatieni jiko, makaa na sufuria. Saa moja tu, mnakula ikitoa moshi."

"Si ingechemshwa hapa shuleni kwanza?" aliuliza mwalimu.

Ngatia aliwahi kujibu. "Ikilala imechemshwa, mwalimu, itachacha ndani ya lori."

"Itachacha kabisa," Theuri alithibitisha, kwa sauti ya mtaalamu.

Wiki ile ile kidato cha tatu, darasa la Ngatia sasa, kilikuwa kimefundishwa kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pale kwenye kituo cha hali ya hewa ambapo wangepikia, zaidi ya mita elfu tatu, maji huruka na kupiga kelele, lakini maharagwe ndani yake yanaoga tu. Theuri alikuwa ameiacha fizikia akachukua somo la Biblia. Zaidi ya hayo, alikuwa na upofu wa kila mvulana aliyelelewa vizuri: hakuwahi kushuhudia githeri ikichemshwa. Mama huinjika mahindi na maharagwe makavu watoto wakiwa shuleni, na kijana hukutana nayo ikiwa laini, akaikaanga na vitunguu kwa dakika kumi, akasifiwa, akaamini kwamba amepika.

Ngatia aliandika ratiba kwa wino wa buluu. Saa nne, kufika kituoni. Saa nne na robo, Kapteni Theuri abaki kupika, wengine wapande hadi kijitoni. Saa tisa, kula.

"Hutajali kubaki chini, Kapteni?"

"Mimi nilishafika juu mwaka jana," Theuri alisema, akitazama dirishani. "Hakuna kitu mpya."

Ilikuwa kazi safi. Theuri angeukosa mlima, angeaibika mbele ya wote, na Ngatia angeshuka na maji ya Cucu. Kisha, kwa kuwa kisasi bila huruma ni ushenzi, angefungua begi na kuwaokoa wenye njaa kwa nduma, yale magimbi aliyochemsha Cucu mwenyewe na kumtumia kutoka Mweiga.

Jumamosi walipita Kiganjo na Naro Moru kabla jua halijapata nguvu, lori likawaacha kwenye geti la hifadhi ya mlima, wakatembea katikati ya msitu wa mianzi mpaka kituoni. Saa nne kamili, kama ilivyoandikwa. Mlima ulikuwa wazi, kilele cheupe, hakuna hata wingu. Ngatia aligusa chupa ndani ya begi.

Mwalimu Nderitu alisoma ratiba, akaikunja mara nne.

"Hii iliandikwa na mtu ambaye hajapanda chochote isipokuwa kitanda. Hakuna mtoto wa watu atapita hapa na tumbo tupu. Tunakula kwanza, halafu tunapanda. Na saa saba tusipokuwa njiani, hakuna kupanda. Mawingu yakishuka hatutaonana."

Hilo halikuwamo katika mpango wa Ngatia.

Saa tano, sufuria ilikuwa ikinguruma kama simba. Saa tano na nusu mwalimu alionja punje moja, na kila mtu akausikia mlio wa jino.

"Kapteni, hizi ni maharagwe ama ni risasi?" aliuliza Mutahi, aliyekuwa ameibeba sufuria hiyo mgongoni tangu getini.

"Kapteni, turudi Krismasi?" mwingine akadakia.

"Bado kidogo tu," alisema Theuri, akikoroga. Jasho lilimtiririka penye baridi ile.

Ngatia alikuwa ameungoja mwaka mzima muziki huo, na kwa nusu saa ulimpendeza mno. Saa sita wingu la kwanza lilichungulia kutoka upande wa Chogoria, na utamu ukamwishia mdomoni. Saa sita na robo alichuchumaa kando ya jiko.

"Haitaiva," alinong'ona.

"Itaiva."

"Hata ukilala hapa mpaka Pasaka. Niko na nduma kwa begi, za watu wote. Mwambie mwalimu ukweli juu ya kifua changu, nami nitazitoa."

Theuri aliacha kukoroga. "Wewe ulijua."

"Sema."

Theuri aliendelea kukoroga. Kiburi nacho huchelewa kuiva mahali pa juu. Wingu lilikuwa limefunika bega la mlima, saa saba kasoro robo, alipotupa mwiko.

"Mwalimu, Ngatia hana ugonjwa wa kifua. Nilimsingizia mwaka jana ili nipate nafasi yake."

Ngatia alifungua begi kwa heshima zote, akapanga nduma juu ya nyasi moja baada ya nyingine, na wavulana wakashangilia kama waliomwona Masihi. Mwalimu Nderitu peke yake hakushangilia. Alikuwa akihesabu.

"Kumi na tatu," alisema. "Wavulana kumi na wawili, mwalimu mmoja. Ngatia, wewe ndiye uliisifu hii githeri. Mtu mwenye imani na githeri hubeba nduma ngapi?"

Ngatia alitazama viatu vyake. "Hata moja, mwalimu."

"Basi. Ninyi wawili mtabaki na sufuria yenu mpaka iive. Wengine, kuleni mkitembea."

Waliondoka zikiwa zimebaki dakika tano. Ngatia angeweza kumpa Mutahi ile chupa. Mkono ulikwenda mpaka kwenye begi, lakini ulimi ukakataa: Cucu hakuwa ameomba maji ya Mutahi. Akawatazama mpaka ukungu ukawameza.

Walikaa pande mbili za jiko, maadui wawili na maharagwe yao.

"Huko juu kukoje?" Ngatia aliuliza mwishowe.

"Sijui."

"Si ulifika mwaka jana."

Theuri alichokonoa makaa. "Mwaka jana mvua ilitufungia getini. Lori ilikwama, tukakula mkate ndani yake, tukarudi. Wale wa fomu ya nne waliniapisha nisiseme."

Ngatia aliacha kupumua, kama mgonjwa kweli wa kifua. "Na maji ya Cucu Magdaline?"

Theuri aliokota mwiko alioutupa.

"Ya mfereji," alisema Theuri. "Ule wa bomba, nyuma ya bweni. Tafadhali, Ngatia, usimwambie mtu."

"Mimi?" alisema Ngatia. "Na hiki kifua changu?"

Maharagwe hayakuiva. Walishuka nayo jioni, magumu vilevile.

Likizo fupi ilipofika, Ngatia alimkabidhi nyanya yake chupa tupu, akamweleza kila kitu bila kujipunguzia hata aibu moja. Cucu Wachuka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kitambaa chake cha kanisa.

"Bwana yangu, nibebee mkoba. Leo mkutano uko kwa Magdaline."

Akina mama walikuwa wamejaa sebuleni, na Theuri alikuwa akigawa chai. Magdaline alifunua chupa yake taratibu kama kawaida. Wachuka akainuka, akaiweka ya kwake kando yake, juu ya kabati.

"Lakini hii haina kitu, dada," alisema Magdaline.

"Haina hata tone. Lakini imefika mpaka kituo cha hali ya hewa. Yako ilifika mfereji wa nyuma ya bweni. Muulize huyo mwenye birika."

Akina mama wote walimgeukia Theuri. Theuri alijaribu kujibu, mate yakampalia, akakohoa, akaendelea kukohoa hadi chai ikamwagika. Cucu Wachuka aliketi, akatandaza sketi yake vizuri, akamgeukia mwenye nyumba kwa sauti iliyojaa huruma.

"Na wako, Magdaline, kifua kinaendeleaje?"