Pindo la Kukulia

Fundi alikuwa na jicho. Mteja akiingia tu mlangoni, hata hajasalimia, fundi alishajua kiuno chake, mabega yake, na kama atadanganya kwamba amepungua. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kama pambo. Mafundi wenzake walimtania kwamba siku moja atawashonea watu wanaopita barabarani bila kuwasimamisha.

Na mwenye jicho hilo ndiye mama wa mtoto ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Harusi, kwa jinsi alivyovalishwa. Kigauni cha njano, vifungo vyeupe, kimemkaa sawasawa kila alipotolewa nje. Watu waliona gauni. Ndiyo kazi ya gauni zuri, na fundi alikuwa hodari mno.

Alimwachisha ziwa mapema, si kwa kupenda. Tone la maziwa lilidondokea kitambaa cha mteja, na bosi, ambaye hakuwa mtu mbaya ila wa biashara, akasema, "Dada, chagua. Kunyonyesha au cherehani." Baba wa mtoto alikuwa kwenye vibarua vya mbali, leo vipo kesho havipo. Fundi akachagua cherehani iliyolisha nyumba, mtoto akabaki na bibi yake.

Mama mkwe alimpenda mjukuu wake. Hilo lisemwe wazi, maana wapo watakaotaka kumsulubu. Alimpikia uji kila siku, akamnywesha kwa chupa. Uji mzito ulikwama kwenye chuchu, basi akaongeza maji. Ukakwama tena, akaongeza tena, akauchuja, mpaka ukawa unateremka wenyewe. Mtoto alimaliza chupa, tumbo likajaa, akalala.

"Mwanangu, huyu hanisumbui hata kidogo," mama mkwe alisema kila fundi aliporudi kutoka kazini.

Kigauni kilipolegea, fundi aliona. Akasema kitambaa kimeachia kwa kufuliwa, akakipunguza ubavuni, kikakaa. Kilipolegea tena, akakipunguza tena. "Ukoo wetu wembamba," mama mkwe alisema, na fundi akakubali, maana ilikuwa rahisi kukubali.

Kilichowapeleka zahanati ni kuhara. Nesi, mwanamke mwenye sauti ya kugombeza hata akisalimia, alimvua mtoto kigauni, kikatoka kimegeuka ndani nje. Mishono ilikuwa imejipanga ubavuni, mmoja kando ya mwingine.

"Nani ameshona hiki?"

"Mimi," fundi akajibu, na kwa mazoea tu sauti yake ikawa na maringo kidogo.

"Na kukipunguza kote huku, ni wewe?"

Nesi hakungoja jibu. Alizungusha utepe wa kupimia wenye rangi kwenye mkono wa mtoto, akauvuta. Fundi aliuona umesimama kwenye nyekundu kabla nesi hajafungua mdomo.

"Utapiamlo mkali, mama. Huyu harudi nyumbani leo. Tukichelewa tutampoteza."

Fundi alisubiri moyo upasuke. Haukupasuka. Ganzi ilimpanda kutoka vidoleni, kama mtu aliyelalia mkono, akauliza choo kiko wapi.

Wodini mtoto alipewa maziwa ya dawa kwa kikombe na kijiko, kidogo kidogo. Ujumbe wa bosi ukaingia kwenye simu: cherehani imepata mtu mwingine. Fundi akausoma kama habari ya jirani. Kisha mama mkwe akafika, chupa ya uji kwapani. Nesi akaichukua, akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi, haya ni maji."

"Ulikuwa unakwama," mama mkwe akasema. "Nilikuwa nauchuja upite."

Fundi alitaka kumkasirikia. Angeipata hasira, angalau angekuwa na kitu cha kushika. Haikuja.

Akatoa wembe kwenye mkoba, akakipakata kigauni, akaanza kufumua. Mshono baada ya mshono, nyuzi zikidondokea kwenye shuka, mpaka ubavu wote ukaachia. Akamvika mtoto. Shingo ikateleza hadi begani. Bibi Harusi akalala humo ndani akitazama dari.

"Hicho si chake," mama mkwe akasema. "Kikubwa mno."

"Ni chake, mama. Nilikikata alipoanza kukaa."

Wenzake walioanza kukaa pamoja naye walikuwa sasa wanakimbizana mtaani. Mama mkwe alilijua hilo, maana aliwafukuza kila siku mlangoni ili mjukuu wake asinzie. Akapeleka mkono chini ya kigauni, akapapasa pindo. Lilikuwa pana, limekunjwa kwa uzi wake wa kwanza, halijawahi kuguswa.

"Na huku mbona ulikunja kitambaa kingi hivi?"

"Pindo la kukulia," fundi akasema. "Kila nguo ya mtoto naiachia."

Mama mkwe akafunika uso kwa kanga. Fundi akachukua kijiko, akakipeleka kwenye midomo ya mwanawe, akangoja ifunguke.