Abiria wa Kukatiwa Ng'ambo

Fausta alipata habari za mnada kwenye gazeti la kufungia samaki. Alikuwa amekaa Kivukoni, pale pale anapokaa siku zote, beseni la kambale wa kukaanga mbele yake, na mteja alikuwa ameshachagua wawili wanene. Fausta akachana ukurasa, akaona picha ya pantoni, akasoma. Kivuko cha kihistoria MV Mnyera kitauzwa kwa mnada wa hadhara siku ya Alhamisi, kama kilivyo, mahali kilipo. Akaukunja ukurasa ule, akauficha kifuani, na mteja akafungiwa samaki wake kwenye habari za mpira.

Pantoni yenyewe ilikuwa hatua mia moja kutoka pale, juu ya mchanga, ambako matrekta yaliivuta baada ya kuzama. Iliwavusha watu wa Ifakara na wa Ulanga tangu enzi za baba zao, na daraja lilipofunguliwa waliobaki kuishughulikia ni kutu na abiria tu. Abiria walirudi wiki ile ile ilipotolewa majini, wakakaa kwenye mabenchi yao, watu thelathini, na mpaka leo walikuwa wamekaa. Nguo zao hazikukauka. Maji yaliwachuruzika mchana kutwa, na chini ya pantoni paliota mchicha hata kiangazi. Akina mama wa Kivukoni walikuwa wakiuchuma, na ulikuwa mtamu.

Ripoti ya ajali ilikuwa safi. Waliokuwemo: watu kumi na mmoja na ndama mmoja. Waliopatikana: watu kumi na mmoja na ndama mmoja. Waliobaki: hakuna. Wale kumi na mmoja walikuwa na tiketi, na ndama alikuwa na kibali cha kusafirisha mifugo. Mwenye ndama, mzee Jeremia, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, hakuwa na karatasi yoyote inayomhusu yeye mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa benchi la mbele, ameshika kipande cha kamba.

Kosa lilikuwa la desturi. Kivukoni aliyechelewa hakuachwa. Hata kama kitabu cha tiketi kimeshafungwa, mtu akitokea anakimbia na mzigo kichwani, mshika kamba alimpungia mkono apande. "Utakatiwa ng'ambo," alimwambia. Na ng'ambo alikatiwa kweli, maana karani alisimama mlangoni, na hakuna aliyenyanyuka kabla mshika kamba hajafunga kamba na kuita, "Haya, wa miguu kwanza!" Ilikuwa desturi nzuri, ya watu wanaoaminiana. Siku ya ajali ilikuwa siku ya gulio, mto umefurika, na waliochelewa walikuwa thelathini.

Mmoja wao alikuwa Luciana, binti wa Fausta, mwenye miaka kumi na minne, aliyekuwa anapeleka ndoo ya mchele kwa bibi yake Lupiro. Kila Ijumaa Fausta alimpelekea kanga kavu. Luciana aliipokea kwa mikono miwili, akajifunika, ikalowa. Mara ngapi mama yake alimwambia ashuke waende nyumbani! "Bado hatujaruhusiwa, mama," alijibu, kwa adabu aliyofundishwa na huyo huyo mama. Fausta akimvuta mkono, alibaki na maji kiganjani. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Angemlea awe mkorofi, mtoto angekuwa nyumbani.

Alipomaliza kuuza, Fausta alimfuata Stanislaus. Stanislaus ndiye aliyekuwa mshika kamba siku ile. Aliogelea akatoka, akasaini ripoti, na baadaye akapewa kazi ya kuilinda pantoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Luciana."

Fausta akamwonyesha gazeti. "Alhamisi wanaiuza. Waite washuke."

Stanislaus akasoma, akarudia kusoma. "Nikiita watashuka thelathini. Mimi nilisaini kumi na mmoja."

"Najua."

"Hii kazi nimepewa kwa sababu ya ile sahihi."

"Najua, baba. Samaki wangu unakula kila siku, sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza. Si wewe uliyempungia mkono?"

Stanislaus akafuta macho kwa mkono wa shati. "Nilimwonea huruma," akasema. "Alikuwa anakimbia."

Alhamisi makao makuu yalimleta afisa aitwaye Joachim, pamoja na meza, viti vya plastiki na kipaza sauti. Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza kama pantoni isingefaa kuhifadhiwa, kwa kuwa ni ya kihistoria. Joachim akamjibu kwamba historia inauzwa humo humo. Mnunuzi, mtu wa vyuma chakavu kutoka Dar es Salaam, alipanda akaigonga gonga sakafu kwa nyundo. Aliwaamkia wazee waliokuwa kwenye mabenchi, akawaomba wainue miguu kidogo agonge na hapo. Wakainua.

Stanislaus alisubiri mpaka alipoona Joachim ameshika kipaza sauti. Ndipo akapanda, akafunga kamba kwenye kigingi kilichokuwa mchangani, akaita kwa sauti ya zamani, "Haya, wa miguu kwanza!"

Wote thelathini wakanyanyuka. Walishuka bila kusukumana, wakaona meza ina karani na kitabu, wakapanga mstari, maana ndivyo walivyozoea. Luciana alikuwa wa tisa, ndoo kichwani. Fausta alisimama kando na kanga kavu ameikunjua.

"Tiketi," Joachim akasema.

"Tuliambiwa tutakatiwa ng'ambo, mwanangu," mzee Jeremia akajibu.

Joachim hakuwa mtu mbaya. Akawaeleza kwamba tiketi za kivuko hicho hazichapishwi tena tangu daraja lifunguliwe. Akaifungua ripoti, akawaonyesha kwa kidole. "Hapa mmeandikwa hakuna. Nani aliwapandisha?"

"Sura yake hatuikumbuki," Jeremia akasema, akiangalia pembeni.

"Ni mimi," Stanislaus akasema.

"Na hii sahihi, mzee, ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi umesema mambo mawili tofauti, na lenye muhuri ni hili."

Akawaomba kwa upole warudi kwenye nafasi zao, kwa sababu mali ilitangazwa kama ilivyo, mahali ilipo, na mnunuzi alikuwa na haki ya kuikuta hivyo. Mstari ukageuka. Luciana alipompita mama yake akamwambia, "Mama, tumeambiwa turudi."

"Kataa," Fausta akasema.

Tangu amzae hakuwahi kumwambia neno hilo. Luciana alisimama kidogo akilifikiria, ndoo ikimdondokea maji begani, halafu akapanda akakaa.

Jumatatu lilikuja lori refu la kubebea mitambo, pantoni ikapandishwa nzima nzima. Fausta alimwomba dereva, Lukelo, ampakie mbele, naye hakukataa. Lori likashika njia ya kaskazini, na abiria wakageuza shingo kuiangalia ng'ambo mpaka mto ulipopotea. Mang'ula watoto wa shule waliwapungia mikono, nao wakapunga. Huko nyuma barabara ilibaki na mchirizi wa maji katikati ya vumbi.

Kwenye mizani lori lilikutwa limezidi. Karani wa mizani akachungulia dirishani.

"Umebeba nini?"

"Chuma chakavu na abiria," Lukelo akasema.

"Gari la mzigo halibebi abiria. Chagua kimoja."

Lukelo akamtazama Fausta, Fausta akatazama mbele. "Chuma," Lukelo akasema. Mashine ikatoa karatasi mbili, zote zikagongwa muhuri. Fausta akaomba moja. Akapanda juu kwa ngazi ya nyuma, akamfunika mwanawe kanga, akashuka. Lori likaendelea na safari ya kwenye tanuru, yeye akasubiri basi la kurudi.

Kivukoni ule mchicha umekauka. Stanislaus bado anaulinda mchanga, kwa sababu hajaletewa barua ya kumwachisha. Samaki bado anakula kwa Fausta, ila siku hizi analia mpaka anapata shida kutoa miba.

Karatasi ya mizani iko ukutani kwa Fausta, kwenye fremu ya kioo, pale ambapo wenzake hutundika vyeti vya watoto wao. Uzito uliozidi: kilo 1,352. Aina ya mzigo: chuma chakavu. Kati ya kilo hizo, arobaini na moja ni za Luciana, kwa kipimo cha mwisho cha zahanati, na kumi ni za mchele. Mgeni akiuliza, Fausta huitoa ukutani akampa aishike mwenyewe, akamwonyesha kwanza muhuri.