Printa Iliyozinduliwa Bila Wino

Abdulaziz aliichomoa karatasi kutoka kwenye printa yake ya dukani akaishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa nyuma ya kabati. Ilikuwa na maandishi makubwa ya rangi rangi: ASANTE BWANA SALUMU KWA KUTUKUMBUKA. Chini ya maandishi kulikuwa na maua mawili mekundu. Mjomba wake ndiye aliyeyataka.

"Niikunje?" aliuliza.

"Usiikunje," alisema Mzee Maneno. "Itoke kwenye mashine imenyooka."

Mashine yenyewe ilikuwa mezani, ndani ya boksi lililofungwa utepe mwekundu wenye fundo kubwa kama kilemba. Ilikuwa printa mpya ya Wi-Fi, zawadi ya umoja wa watu wa Vihingo waishio Kibaha kwa shule ya msingi ya kwao. Mzee Maneno ndiye mwenyekiti wa umoja huo. Bwana Salumu, mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini Kibaha, ndiye aliyeitoa, na ndiye angekuwa mgeni rasmi. Abdulaziz alikuwa fundi. Alikuwa na steshenari yake kwenye fremu moja ya duka mtaani Sofu, na mtaa mzima ulijua kwamba kompyuta iliyowashinda wengine hupelekwa kwake. Ameitwa akaiunganishe printa na laptopu ya mwalimu. Ndivyo alivyoambiwa juzi. Leo anaambiwa mengine.

"Mjomba," alisema, "hii haijafunguliwa. Ndani imefungwa selotepu kila kona. Matangi hayana wino. Haijui kompyuta yoyote hapa duniani. Niache niiunganishe hapa hapa, tukifika Vihingo iwe inachapa kweli."

"Mgeni rasmi azindue kitu kilichokwisha tumika? Umewahi kuona mtu anazindua kisima watu wameshachota maji?"

"Nimeona."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Mzee Maneno hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na alikuwa na namna ya kunyamaza iliyomfanya mtu ajione amekosa adabu hata kama amesema kweli. "Atakata utepe," alisema, "atatoa nailoni, atabonyeza kitufe. Wewe utakuwa umesimama nyuma ya meza. Akibonyeza, unaisukuma hiyo karatasi itokeze mbele. Watu watapiga makofi. Basi."

"Na umeme? Printa itakuwa uwanjani, chini ya turubai."

"Si ulisema haina waya?"

"Haina waya wa kwenda kwenye kompyuta. Umeme inakula kama pasi ya dobi."

"Hilo watu hawana haja ya kulijua."

Abdulaziz alitaka kumwambia kwamba yeye si mpiga mazingaombwe. Neno lilifika kwenye meno likakaa hapo. Kwao Kisarawe mjomba si mtu wa kujibizana naye. Huyu ndiye aliyemlea baada ya baba yake kuondoka, ndiye aliyempa kompyuta ya kwanza, mbovu, isiyo na betri, akamwambia jifunze. Aliiweka karatasi ndani ya bahasha ya kaki, akatoka nyuma ya fremu, akatema mate kwenye mtaro. Mdomo wake ulikuwa na ladha ya sarafu.

*

Safari ilikuwa ya gari aina ya Noah. Waliteremka na barabara ya Morogoro mpaka Kiluvya, wakaiacha lami wakashika njia ya Kisarawe. Bwana Salumu alitangulia na gari lake jeupe, na vumbi lake lote wakalila wao. Nyuma ya Noah kulikuwa na sufuria la pilau lililofunikwa kwa gazeti na kanga. Mafuta ya nyama yalikuwa yakichuruzika kila wakipita shimo. Harufu ilimganda Abdulaziz kooni.

Vihingo waliwakuta watoto wamepangwa juani. Walikuwa wamesimama muda mrefu. Ungejua kwa namna walivyokuwa wakibadilisha miguu. Chini ya turubai kulikuwa na viti vya plastiki vya wageni, meza yenye kitambaa cha kufuma, na chupa za maji ambazo hakuna mtoto aliyethubutu kuziangalia kwa macho yote mawili.

Mwalimu wa darasa la saba alikuja kumpokea. Aliitwa Mwamini, binti wa rika lake, mtandio wa kijani, laptopu ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Kaka Abdulaziz? Wamesema wewe ndiye fundi. Afadhali. Kesho wanangu wana mtihani wa majaribio. Nimeshauandika wote, uko humu. Kila mara naandika maswali ubaoni, wananakili, wa nyuma hawaoni, wanajibu swali ambalo sikuuliza. Kesho nataka kila mmoja awe na karatasi yake. Rimu mbili za karatasi nimeshanunua."

"Utapata," alisema Abdulaziz. Na alipokuwa akilisema neno hilo, bahasha ya kaki ilikuwa kwapani mwake.

Hotuba zilikwenda. Mzee Maneno alimsifu Bwana Salumu, Bwana Salumu akamsifu Mzee Maneno, kisha wote wawili wakaisifu elimu. Mpiga picha alipiga magoti, akasimama, akapiga magoti tena. Utepe ukakatwa. Nailoni ikachanwa polepole ili picha zipatikane. Printa ikakaa pale mezani, nyeusi, inang'aa, mkia wake wa umeme umezungushwa na kufungwa kwa kibanio.

"Ndugu wazazi," alisema Mzee Maneno, "hii ni teknolojia mpya. Haina waya. Mgeni wetu atabonyeza hapa, na mtaona wenyewe."

Bwana Salumu akabonyeza kwa kidole chenye pete. Abdulaziz, nyuma ya meza, akaisukuma karatasi. Ikatokeza mbele imenyooka, na maua yake mawili.

Vigelegele vilipasuka. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, kofia ya mkeka kichwani, aligeuka kwa mwenzake akasema, "Unaona? Hata umeme haitaki." Watoto walipiga makofi mpaka wakapitiliza. Na katika makofi yote yale Abdulaziz alimwona mtu mmoja tu ambaye mikono yake haikukutana. Mwalimu Mwamini alikuwa akiutazama ule waya uliofungwa kibanio. Kisha akamtazama yeye.

*

Mwamini alimfuata kwenye kona ya ofisi ya walimu, wakati wageni wakielekea kwenye pilau.

"Kaka, ile imetokaje?"

Abdulaziz aliikunja ile bahasha tupu ya kaki.

"Mimi ni wa kijijini, lakini printa nimeshaiona. Haikuwa hata imewashwa." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Wazee wangu wameshangilia. Wanangu wameshangilia. Mmewacheka."

"Si mimi niliyepanga."

"Lakini mkono ulikuwa wako." Alirekebisha laptopu kifuani. "Nilidhani wewe ni fundi."

Akaondoka. Abdulaziz alibaki ameangalia ukuta. Alikuwa ameshatukanwa na wateja wa kila aina, wenye simu zilizoingia maji chooni, wenye haraka za kufa. Hakuna tusi lililowahi kumwingia kama lile, maana halikuwa tusi. Alijinusa mkono wake wa kulia, kweli kabisa aliunusa, kama anayetarajia kukuta umeoza.

Akaenda moja kwa moja chini ya turubai. Bwana Salumu alikuwa na sahani mbele yake, mfupa mkononi, mafuta yameshuka mpaka kwenye saa.

"Mzee, naichukua printa niipeleke ofisini, niifunge wakaanze kazi."

"Iache," alisema Bwana Salumu huku akiunyonya mfupa. "Irudishe kwenye boksi lake, tena kwa uangalifu. Zile selotepu za ndani usiziguse. Mali ya dukani hiyo, kesho inarudi kwenye shelfu."

Abdulaziz alidhani hakusikia vizuri. Alimgeukia mjomba wake.

Mzee Maneno aliusogeza mchele pembeni mwa sahani kwa kidole. "Leo ni picha tu, Abdul," alisema kwa sauti ya chini. "Jamaa wa Dar wakiona picha watachanga, na hawa watanunuliwa ya kwao. Mambo huenda kwa hatua. Kaa, kula."

"Ikishatiwa wino siwezi kumuuzia mtu," Bwana Salumu aliongeza, kama anayemfundisha mtoto. Kisha akaomba aletewe pilipili.

Hakuwa na aibu hata ya kunong'ona. Hicho ndicho kilichomchukiza Abdulaziz kuliko mafuta, kuliko mfupa, kuliko maua mawili mekundu: kwamba mtu amesimamisha watoto juani, amewatolea kitu, amepigiwa vigelegele, na anakirudisha nyumbani huku akitafuna, na wala chakula hakimkwami.

Akaibeba printa, akalibeba na boksi lake, akasema, "Haya, nimesikia." Na kweli alikuwa amesikia. Alikuwa ameambiwa waziwazi ni kitu gani kitakachoizuia isirudi dukani.

*

Ofisi ya walimu ilikuwa na soketi moja, juu ya kabati la chaki. Mwamini alikuwa ndani, anahesabu karatasi zake bure.

"Funga dirisha," Abdulaziz alimwambia. "Hapana, liache wazi. Fungua na hilo jingine."

Alianza na selotepu. Zilikuwa za rangi ya chungwa, kwenye mfuniko, kwenye trei, na ile ndefu ya ndani inayoshikilia kichwa cha kuchapia kisitikisike safarini. Alizibandua moja moja na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo. Kisha akatoa chupa nne za wino kutoka kwenye boksi, akakata mihuri kwa meno, akamimina. Nyeusi kwanza. Ilipoanza kushuka ndani ya tangi alihisi kama amekunywa maji.

"Wamekuruhusu?" aliuliza Mwamini.

"Niwashie laptopu."

Printa ilinguruma, ikanyonya wino, ikachukua muda wake. Nje ya dirisha wazazi wachache walisogea. Yule mzee wa kofia ya mkeka aliweka viwiko kwenye kizingiti kabisa. Abdulaziz aliwasha hotspoti ya simu yake. Printa haikuwa na skrini ya kugusa, ila kidirisha kidogo na mishale, kwa hiyo nywila aliiingiza herufi kwa herufi, juu, chini, juu, chini, akikosea anarudi mwanzo. Taa ya Wi-Fi ikawaka bila kupepesa. Akaweka programu ya printa kwenye laptopu kutoka kwenye flashi aliyotoka nayo Sofu, akabonyeza kutafuta printa.

Haikuonekana.

Akatafuta tena. Haikuonekana. Jasho lilimtoka mgongoni; nje alisikia mtu akisema wageni wananawa mikono.

"Laptopu yako iko mtandao gani?" aliuliza.

"Wa simu yangu. Inajiunga yenyewe kila siku."

"Ndiyo maana. Wewe uko nyumba yako, printa iko nyumba yangu, na mlango hakuna. Lazima nyote mkae kwangu." Akaitoa laptopu kwenye mtandao wa simu ya Mwamini, akaiingiza kwenye wake. Jina la printa likajitokeza kwenye skrini.

Mwamini alifungua mtihani wake. Akabonyeza mwenyewe.

Karatasi ya kwanza ilitoka polepole, kwa kusitasita, mstari kwa mstari. Mzee wa dirishani alinyoosha shingo. "Kumbe umeme inataka," alisema, si kwa ubaya, ila kama mtu anayepanga upya jambo kichwani. Wa nyuma yake wakatazamana, na jambo lile Abdulaziz aliliona linatembea kutoka uso hadi uso.

Ndipo mlango ukajaa. Bwana Salumu, kijiti kwenye meno, na nyuma yake Mzee Maneno.

"Nani amekwambia utie wino?"

Abdulaziz alikuwa amepiga goti mbele ya trei. Hakusimama. "Si umeizindua, mzee? Picha zipo. Nikaona mashine iliyozinduliwa na mtu mkubwa kama wewe isikae bila kufanya kazi, watu watakucheka." Akageukia dirishani. "Wazazi, mgeni wetu anauliza kuhusu wino. Mwambieni kama mmefurahi."

Wakamwambia. Walimwambia kwa sauti nyingi, na mama mmoja akampigia kigelegele kimoja kirefu, na haikujulikana kama ni cha shukrani au cha kumsuta. Bwana Salumu aliangalia matangi yaliyojaa, akaangalia ubao wa matangazo wenye selotepu za rangi ya chungwa, akaangalia nyuso dirishani. Akacheka kwa mdomo tu. "Basi faidini," alisema, akaondoka.

Mzee Maneno alibaki mlangoni mpaka hatua za mwenzake zilipopotea.

"Umenivua nguo ugenini," alisema.

"Hapa si ugenini, mjomba. Hapa ni kwetu."

"Yule ndiye angetudhamini umoja upate fremu zake za biashara. Ulijua hilo? Hukujua. Wewe unajua kukasirika tu." Alikuwa amechoka ghafla, na kanzu yake ilikuwa na doa la mafuta kifuani ambalo hakuwa ameliona. "Gari langu usipande. Na ukinikuta Sofu, usiniamkie."

Maneno hayo yalimpiga Abdulaziz mahali ambapo hakuwa amejiandaa. Alimfuata mpaka uwanjani. Turubai lilikuwa linashushwa, watoto wamelivamia sufuria wanakwangua ukoko. Mjomba alipanda Noah, akakaa mbele, akatazama mbele.

"Shikamoo, mjomba," alisema Abdulaziz kwenye kioo.

Marahaba haikuja. Kioo kilipandishwa, gari likageuka, vumbi likampaka usoni na mdomoni, akalitema.

Kutoka ofisini Mwamini aliita. "Kaka, inawasha taa nyekundu. Nifanyeje?"

"Karatasi kwenye trei zimekwisha," alijibu. "Ongeza nyingine kutoka kwenye rimu. Nakuja."