Kigae cha Jicho la Kushoto

"Usisogeze kichwa," Dakta Kageha alisema. "Fuata kidole kwa macho tu."

Khalayi alikifuata. Kidole kilipopanda usawa wa paji la uso kiligawanyika vikawa viwili, kimoja juu ya kingine, na jicho la kushoto likakwama hapo kana kwamba kuna mtu amelishika kwa chini. Kichefuchefu kikampanda. Akafumba macho.

"Ngapi?"

"Mbili, daktari."

Hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu aumizwe. Dakta alikwisha kumweleza bila kuzungukazunguka: mfupa ulio chini ya jicho, mwembamba kama ganda la yai, umevunjika. Jicho limezama, na msuli wake umebanwa kwenye ufa. Wiki moja zaidi na utashikana hapohapo. Na mkata miwa anayeona mapanga mawili atajikata mguu siku ya kwanza.

Dawa ilikuwepo. Ilikuwa juu ya meza ndani ya kikopo chenye kifuniko: kigae cha plastiki ngumu, ileile ya kutengenezea meno bandia, kikubwa kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kimepinda pinda la ajabu. Shitanda, fundi wa meno wa hospitali hiyo ya misheni nje ya mji wa Kakamega, ndiye aliyekitengeneza. Alizitazama picha za kichwa cha Khalayi zilizopigwa mjini, akapima tundu la jicho zima la kulia, akaligeuza kama kwenye kioo, akalifinyanga kwa plasta, kisha akakisugua kigae siku mbili mpaka kikalala juu ya plasta bila kuyumba.

"Hii haiwezi kuingia kwa mtu mwingine," alisema kwa majivuno. "Ni ya huyu mama peke yake."

Kilichokosekana ni karatasi. Mtu aliyepigwa hakupasuliwa hapo kabla polisi hawajaleta fomu yao. Ndivyo msimamizi wa hospitali alivyoamua tangu aitwe mahakamani mara mbili. Na sajini aliyeishika fomu ya Khalayi hakutaka kuandika kwamba alipigwa rungu. Alitaka kuandika kwamba alianguka kutoka kwenye tela la miwa, barabarani, pale Ekero.

"Rungu ama tela, jicho ni lile lile," alimwambia. "Weka kidole hapa, kesho unaingia thieta."

Khalayi alikataa, na wala si kwa ushujaa. Asubuhi aliyopigwa alikuwa amesimama mbele ya trekta lililokuja kuchukua miwa, ndani ya shamba lake mwenyewe, shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, ambalo naibu chifu alikuwa ameliandikisha kwa jina la shemeji yake yeye naibu. Tyson, kijana wa kazi za naibu chifu, ndiye aliyempiga. Fomu hiyo ingekuwa karatasi pekee ya serikali inayosema Khalayi alikuwa wapi asubuhi hiyo. Akikubali kwamba alikuwa barabarani, basi shambani hakuwepo. Na kama hakuwepo, ile miwa ilikuwa ya nani?

Kila alasiri Tyson alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi, rungu likining'inia mkononi kwa ukanda, akitafuna muwa. Khalayi akiinua macho aliona Tyson wawili, mmoja amembeba mwenzake mabegani. Ikafika mahali hakwenda chooni bila kushikana mikono na Pascalia, mgonjwa wa kitanda cha pili.

Siku ya kumi na moja Nasambu, mama yake Tyson, aliingia na kikapu. Harufu ya ingokho, kuku wa mchuzi, ikatangulia. Wanawake wa wodi nzima wakageuza vichwa.

"Dada yangu wa kanisa," Nasambu alisema, akimega obusuma, ugali wa moto, machozi yakimtoka kwelikweli. "Hawa watu wanakupatianga uji peke yake? Utaingia kwa kisu na nguvu gani?"

"Mama Tyson, wewe unajua hii ingokho ni ya nini."

Nasambu alijua vizuri sana. Aliyekosewa akiletewa kuku na watu wa mkosaji, akamla mbele za watu, maneno yamekwisha. Atakayeyafufua ataonekana yeye ndiye mkorofi.

"Sikuja kama mama ya mtu," Nasambu akasema. "Nimekuja kama mwenzako wa Jumapili. Ukikataa mkono yangu, nitaimba na nani?"

Mlangoni kivuli kilisogea. Khalayi hakuinua macho ahesabu. Njaa ilimkaba, woga ukamkaba zaidi, na huyu mwanamke alikuwa amemshika mkono siku ya kumzika mumewe. Akala paja moja. Alilamba vidole, na hilo ndilo lililomchoma baadaye.

Asubuhi iliyofuata sajini alimkuta Khalayi chumbani kwa daktari, akaingia na tabasamu.

"Nasikia mmekula."

"Nilikula chakula ya dada wa kanisa."

"Kuku ilitoka boma gani? Wodi mzima ni mashahidi, mama. Mambo iliisha nyumbani. Sasa kupigwa iko wapi? Imebaki tu tela."

"Mfupa huu haukuvunjwa na kuanguka," Dakta Kageha alisema. "Nitaandika hivyo."

"Andika, daktari. Lakini ikiwa ya kupigwa, faili itakuja kituoni kwanza. Huko inakaa miezi tatu, nne."

Dakta alikitazama kikopo juu ya meza. Alimtazama Khalayi. Kisha akaanza kupanga kalamu zake mfukoni, moja moja.

Khalayi aliweka kidole gumba kwenye wino.

Upasuaji ulifanyika Alhamisi. Kigae kiliingia na kukaa mahali pake kama Shitanda alivyoahidi, na msuli ukafunguka. Bandeji ilipotolewa, Dakta alipandisha kidole polepole, juu, juu zaidi.

"Ngapi?"

"Moja!" Khalayi alicheka kwa sauti mpaka Pascalia akapiga makofi. Aliangalia dari, akaangalia taa, akaangalia mjusi aliyekuwa kando ya taa. Kila kitu kilikuwa kimoja.

Siku ya kuruhusiwa, Landrover ya naibu chifu ilikuwa imeegeshwa mbele ya hospitali. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Tyson alimbebea mfuko, akamfungulia mlango, akamketisha mbele. Alimwita mama njia nzima.

Walipovuka Ekero alisimamisha gari kando ya shamba la Khalayi. Miwa yote ilikuwa imekatwa. Visiki vilijipanga mistari mpaka kwenye kijito, vingine bado vina utomvu, na pembeni kulikuwa na kibao kipya chenye namba ya shamba iliyopakwa rangi nyeupe. Khalayi aliona kila kisiki. Aliona hata pale alipokuwa amesimama asubuhi ile, udongo umesagwa na magurudumu.

"Macho imekuwa sawa?" Tyson aliuliza.

"Imekuwa sawa."

Akalitoa rungu chini ya kiti. Akaliinua mbele ya uso wa Khalayi, polepole, juu, juu zaidi, kama alivyomwona daktari akifanya.

"Ngapi, mama?"

Macho yote mawili yalilifuata vizuri, bila kukwama popote.

"Moja," Khalayi alisema.

"Haya," Tyson akasema, akawasha gari.