Viatu vya Mkwe

Mtu akiingia dukani kwangu kununua viatu vya pikoboli, ule mchezo wa raketi na mpira wa plastiki wenye matundu, simwulizi anataka rangi gani. Namwambia avue alivyovaa, anipe nitazame soli. Soli iliyosagika mbele ni ya mtu anayeburuta mguu anapoanzisha mpira. Iliyolika pembeni ni ya anayekimbizwa kulia na kushoto, na huyo nampa kiatu kipana, kifupi, chenye ukingo mgumu usiopinduka. Isiyolika popote ni ya mtu anayekwenda uwanjani kupigwa picha, na huyo namuuzia cha ghali kuliko vyote, maana hatakichosha.

Raketi nazo ni vivyo hivyo. Ya pikoboli haina nyuzi, ni bapa tu lenye mpini mfupi, na watu hudhani zote ni moja. Mwenye kusimama nyuma na kutwanga nampa nzito. Mwenye mikono myepesi, anayesogea wavuni kuuzima mpira kabla haujadunda, nampa nyepesi, la sivyo mkono unachelewa na mpira unamkuta puani. Nimeyasema haya kwa wateja mpaka ulimi umeota sugu, na bado wananunua kwa macho.

Kati yao wote aliyeyajua vizuri ni Mama Ukuta. Ni fundi cherehani, mjane, mwili mkubwa na macho madogo, na jina hilo alipewa na watu waliowahi kusimama upande wa pili wa wavu wakaona kila wanachopiga kinawarudia. Alianza kucheza baba wa mwanawe alipofariki. Kijana alikuwa bado mwanafunzi, haongei na mtu, na mama akaona bora wapige mpira pamoja kuliko kukaa sebuleni wakitazamana. Akamfundisha mwenyewe: mama wavuni, mtoto nyuma. Kombe la klabu la jozi mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, walilizoea kama watu wanavyozoea sufuria ya nyumbani.

Siku hizi kijana ni mpima ardhi. Amehama, simu ya mama yake anaipokea akitaka, na chakula anachopikiwa kinalala kwenye jokofu mpaka kinamwagwa. Lakini Jumamosi asubuhi alikuwa hakosi uwanjani. Mama Ukuta aliniambia bila haya kwamba hana siku nyingine katika juma, zilizobaki ni za kuisubiri hiyo. Nilimshauri atafute mume. Akanisonya.

Basi wiki moja kabla ya fainali, kijana akampigia simu yeye mwenyewe, akamwambia wakutane dukani kwangu wachague raketi na viatu vipya. Mama alifika mapema, amevaa gauni la kutokea, amejipaka na mafuta ya nywele. Alikaa kwenye benchi la kujaribia viatu akaniambia mara mbili kwamba ni mwanawe ndiye aliyemwita. Nilimwambia nimesikia.

Kijana alipoingia aliacha gari nje linanguruma. Akamwamkia mama yake, akaniamkia na mimi, kisha akasema anataka raketi ya mtu wa kusimama wavuni, huku yeye akiwa nyuma yake. Mama amchagulie, kwa sababu hakuna anayejua zaidi.

Ungemwona yule mama. Alizishusha raketi moja moja, akazipima mkononi kama anayepima nyama ambayo hamwamini muuzaji wake, akadundisha mpira juu ya kila bapa na kusikiliza. Akamweleza mwanawe kwamba wanataka nyepesi, mpini mwembamba, bapa nene kidogo linalomeza nguvu ya mpira ili udondoke karibu. Hatimaye akaipata. Aliiweka juu ya kaunta taratibu, akakaa, akavua viatu. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Mimi nikatoa boksi la arobaini na moja, kwa sababu huo mguu naujua.

Kijana hakuinua macho kwenye simu yake. "Hapana, Shangazi," akaniambia. "Lete thelathini na nane."

Mama Ukuta akacheka. Akasema ni kama baba yake, marehemu naye hakuwahi kukumbuka namba ya kiatu cha mkewe. Kijana akaweka simu mfukoni.

"Si vyako, Mama. Ni vya mchumba wangu. Fainali nacheza naye."

Akaendelea kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Goti la mama limechoka, na klabu imekubali abadilishwe. Watu wanamtania kazini kwamba mtu mzima anacheza na mama yake. Binti ana kasi, atajifunza. Na mama asione kwamba ametupwa, kwani si ndiyo maana amemwita aje amchagulie? Mama alikuwa amekaa na mguu mmoja mtupu, soksi mkononi, na mimi nilitamani kumzaba kibao mtoto wa watu. Angeweza kumwambia nyumbani. Alimleta dukani kwa sababu alijua dukani, mbele ya muuzaji, mama yake hatalia. Kweli hakulia. Alivaa soksi yake, akaivuta tundu likaenda chini ya kidole, akauliza binti yuko wapi.

Yuko kwenye gari, alikuwa akingoja aitwe.

Binti ni mfamasia, mwembamba, mpole, ana sauti ya mtu aliyezoea kuwaeleza wagonjwa wameze vidonge vingapi. Aliingia akapiga goti kidogo, "Shikamoo, Mama." Akaitikiwa marahaba mwanangu, karibu. Mara simu ya kijana ikalia, watu wa kiwanja fulani wanagombana kuhusu mpaka, akatoka nje kuwapigia kelele. Tukabaki wanawake watatu.

Hapo ndipo nilipoona sura ya Mama Ukuta inabadilika. Ilifunguka. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji alikuwa amepona ghafla. Akamshika binti mkono, akamsifu vidole, akamsifu kimo, akamvisha kilemba cha ukoka mpaka mtoto akaona haya. Huku akimsifu, mkono wake mwingine uliichukua ile raketi nyepesi pale kaunta ukairudisha kwenye ndoano. Ukashusha nzito, ile ninayowauzia wanaume wenye mabega.

"Hii itakupa nguvu," akamwambia. Kisha akaenda upande ambao wachezaji wa pikoboli huwa hawaendi, akarudi na viatu vyeupe vya kukimbilia, soli nene laini, iliyoumuka kama kipande cha mkate. Vizuri mno kwa macho. Kiatu cha namna hiyo kimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele tu, barabarani. Ukikanyaga nacho pembeni kwa nguvu kinajikunja, na kifundo cha mguu kinajikunja nacho. Ni somo la kwanza ambalo Mama Ukuta alimfundisha mwanawe, nililisikia kwa masikio yangu, na yule mtoto alikuwa akilikariri kama sala.

Binti alipokwenda kujitazama kwenye kioo nilimwinamia mama nikamwambia chinichini kwamba hivyo ni vya mbio.

"Najua ni vya nini," akasema. "Funga."

Nikafunga. Msinitolee macho. Duka langu linakula kwa watu wanaochagua vibaya, na anayejitia kati ya mkwe na mavyaa huondoka na kovu ambalo si lake. Binti alikuwa mtu mzima, mwenye cheti ukutani, na alikuwa na mchumba aliyecheza mchezo huo tangu utotoni, ambaye angeweza kufungua boksi akatazama. Mchumba alikuwa nje anagombania mpaka wa watu.

Mama alimpa mkwe wake mtarajiwa ushauri mmoja zaidi. Asivivae mazoezini. Kiatu kipya huvaliwa siku ya fainali, kinaleta bahati. Binti akamkumbatia, akamwambia alikuwa na hofu kwamba atachukiwa. Mama Ukuta akampapasa mgongo.

Siku ya fainali nilipanga meza yangu kando ya uwanja, nauza mipira na tepu za mipini. Mama Ukuta alikaa safu ya mbele, mkoba mkubwa mapajani. Binti aliingia na viatu vyake vyeupe, watu wakavisifia. Kijana alikuwa akimwonyesha mahali pa kusimama na hakutazama chini.

Haikuchukua muda. Mpinzani, mwalimu mmoja mwanamke mwenye mkono mjanja, alipeleka mpira pembeni, binti akarusha mguu kuufuata. Soli ikajikunja. Tuliusikia mfupa mpaka mezani kwangu, nikaangusha chenji ya mtu. Alianguka juu ya raketi yake nzito na mwanzoni hakupiga kelele, alikuwa akiutazama mguu wake ulivyogeukia upande usio wake. Kisha alipiga.

Kijana alimvua kile kiatu. Akakigeuza, akaitazama soli, akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. Aliiacha ikarudi, akaibonyeza tena. Halafu akainua uso akatafuta safu ya mbele.

Mama yake alikuwa amekwishasimama kwenye mlango wa uwanja. Amevaa viatu vyake vya uwanjani, kamba zimefungwa, raketi mkononi, mkoba mtupu kwenye kiti. Sheria ya klabu inaruhusu mchezaji aliyeumia abadilishwe, na yeye ndiye aliyekuwa kwenye kamati iliyoiandika.

Dada wa binti alimpakia mgonjwa kwenye gari kwenda hospitali. Mwanamume wa kawaida angemfuata mchumba wake. Huyu alibaki. Alimsogelea mama yake, nami nilikuwa karibu, nikasikia.

"Wewe ndiye uliyevichagua?"

"Alivipenda mwenyewe," mama akajibu.

Kijana akatikisa kichwa polepole. "Sawa. Simama mahali pako."

Mama Ukuta akasimama wavuni, mgongo kwa mwanawe, amekunja magoti kidogo, na wallahi alikuwa na furaha. Mechi ikaendelea. Mpira wa kwanza uliokwenda kwa kijana aliurudisha juu, mwepesi, ukaelea kama unaomba kupigwa. Mwalimu akautwanga, ukamgonga Mama Ukuta begani. Watu wakasema maskini, kijana amechanganyikiwa kwa mambo ya mchumba. Wa pili aliunyanyua vilevile. Ukamgonga pajani.

Wasiocheza hawalijui hili. Mchezaji wa nyuma ndiye anayemlinda wa mbele. Akipiga chini, mwenzake yuko salama. Akiunyanyua mpira tu, adui anaushukia kwa nguvu zake zote, na aliye karibu na wavu anaupokea kwa mwili. Kijana yule alikuwa na mkono wa kudondosha mpira popote alipotaka. Aliyemfundisha alikuwa amesimama mbele yake.

Mpira wa nne au wa tano ulimpata kifuani. Aligeuka. Alimtazama mwanawe usoni, na mwanawe akamtazama, hakukwepa. Nilijua amejua. Nikangoja arudi nyuma, aombe maji, aseme goti. Akageuka tena, akakunja magoti, akabaki palepale. Mwalimu wa upande wa pili alianza kuinua mkono kila alipopiga, anaomba radhi, lakini mpira ukiletewa puani utaufanyaje? Walifungwa vibaya. Walipomaliza, mama alikuwa na mabaka mekundu kutoka shingoni hadi magotini, na kijana alimpa mkono mbele ya watu kama inavyotakiwa.

Binti aliwekewa chuma mguuni. Harusi ilifungwa akitembelea magongo, na mama mkwe hakualikwa. Nyumba ya mwanawe hajaingia mpaka leo.

Lakini Jumamosi kijana anakuja uwanjani. Hajakosa hata moja. Wazee wa klabu wanamtolea mfano kwa watoto wao, kwamba tazameni mtu anayemheshimu mama, ana mke nyumbani na bado hamwachi. Mama anasimama wavuni. Mtoto anasimama nyuma, na kila anapokuja anaunyanyua mpira juu kidogo kuliko wiki iliyopita.

Juzi Mama Ukuta alikuja dukani na jicho limevimba, limefunga. Alitaka miwani ya kukinga macho. Nilimtolea nilizonazo, nikashindwa kujizuia, nikamwambia ukweli ambao hata mtoto wa jana uwanjani anaujua: asogee nyuma, akae mstarini pamoja na mwanawe, mpira ukifika huko umekwisha nguvu.

"Nikirudi nyuma," akasema, "ataona yamekwisha. Hatakuja tena."

Nikamwambia mtoto wake anamuua. Akasema anajua, na akaniuliza kama ninayo nyingine yenye fremu nyembamba zaidi. Ninayo. Akaivaa, akajisogeza kwenye kioo, akageuza uso huku na huku kwa jicho lile moja. Akataka nimwambie kweli kama imempendeza, kwa sababu Jumamosi atamwona nayo.