Neno kutoka Shimoni

"Ngojeni kwanza nitoe mto wangu wa kukalia," alisema Ivonne, na fundi aliyebeba mbao akarudi nyuma.

Shimo lake la kazi lilikuwa mbele ya jukwaa, dogo kama banda la kuku. Miaka thelathini na mmoja Ivonne Tagliaferri alikaa humo, kitabu cha opera mapajani, akiwatupia waimbaji kila neno nusu pumzi kabla hawajalihitaji. Aliwajua kwa viatu vyao. Lakini siku hizi opera katika mji ule wa mkoa wa Emilia ilibakiwa na wazee arobaini na kikohozi chao, na Gualtiero, meneja wa ukumbi, alikwisha kata shauri: kuanzia Jumamosi ni rap, na shimo lizibwe.

"Usinune, Ivonne. Huyu binti wa rap hana kitabu, anatunga papo hapo. Utamkumbusha nini?" aliuliza Gualtiero.

"Nani kanuna?" alisema Ivonne. Alikuwa amenuna mpaka masikio yanamwaka moto.

Akashuka kuchukua mto. Juu yake vikapita viatu vya michezo vya rangi ya chungwa: Noemi, binti wa muuza jibini, alianza mazoezi. Maneno yalimtoka mbiombio, yote ya jikoni kwa bibi yake, na Ivonne akajikuta anasikiliza. Kufika kwenye sufuria, Noemi akavuta pumzi. Pumzi ile Ivonne aliijua: ya mwimbaji anayetafuta neno. Neno likamponyoka.

"Kitunguu!"

Gualtiero akashika kichwa. Noemi akakidaka kitunguu kwenye mistari yake, akakimenya, akamliza nacho bibi, akamliza meya, akauliza mji mzima kama una leso, bila kupoteza mdundo. Kisha akapiga magoti, akachungulia.

"He! Kumbe humu mna mtu!"

"Nisamehe, mwanangu. Mazoea."

"Nikusamehe nini, mama? Tupa lingine!"

"Baiskeli."

"Unanionea huruma? Lete gumu!"

"Askofu!"

Askofu akapanda baiskeli, akateremka mlima bila breki. Ivonne alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye dari ya shimo. Gualtiero alipomgeukia fundi, fundi alikuwa ameketi juu ya mbao zake.

"Usinitazame mimi," alisema fundi. "Nasubiri neno."

Jumamosi Ivonne alishuka shimoni mapema. Kile kitabu kinene cha opera alikiweka kitini, akaweka mto juu yake, akakalia. Kwa urefu ule mpya, aliweza kuona si viatu tu, bali hadi mahali uso wa mwimbaji ungekuwa. Ukumbini watu walipiga soga, hakuna aliyekohoa. Viatu vya rangi ya chungwa vikaja, vikasimama mbele yake. Ivonne akavuta pumzi, na hakujua bado atasema nini.